Shangazi, mdogo wangu anasema naongea sana na wateja ndo maana biashara haikui

Shikamoo Shangazi, pole na majukumu. Nakusoma siku zote ila leo ndo naandika kwa mara ya kwanza, maana hili jambo limenikaa kooni na humu ndani hatuelewani kabisa.

Mimi ni fundi cherehani. Tuko wachache, mimi, mdogo wangu wa kiume anayeshika simu na hela, na binti mmoja anatusaidia vifungo, pindo na pasi. Tunashona nguo mpya na tunarekebisha za kununua, kubana kiuno, kupunguza urefu, kubadili zipu, mambo hayo. Kazi nimeirithi kwa mama na staili yake ndo ninayoifuata mpaka leo, mteja akija anakaa kwanza, tunaongea, namuuliza nguo ya nini, ataivaa wapi, ipi kati ya nguo zake anaipenda na kwa nini, ndo nachukua futi. Wengine nawajua toka wakiwa wanafunzi, leo wananiletea watoto wao niwapime.

Sasa jirani yetu limefunguliwa duka kubwa la nguo za tayari, unaingia, unachagua mwenyewe, unajaribu, unalipa, unatoka, hakuna anayekuuliza kitu. Bado hujahesabu wanaoagiza kwa simu. Wateja wangu kadhaa siwaoni tena. Mdogo wangu kapiga hesabu kaniambia tatizo ni mimi, eti mda ninaomaliza na mteja mmoja ningeshapima watatu. Anataka tuweke meseji za kujijibu zenyewe, wateja wajaze vipimo wenyewe kwenye fomu ya simu, wachague tu saizi ndogo, ya kati au kubwa, wakilipa tunakata kitambaa. Maneno yake ni haya, "watu siku hizi hawataki stori, wanataka spidi".

Kinachoniuma Shangazi ni kwamba simwoni kama amekosea kila kitu. Nimechoka kweli. Kwa sababu tumezoeana na wateja, wananitumia voisi noti usiku wa manane, wananiomba niwapunguzie, wanachukua nguo kwa ahadi ya nitakupa, wengine wanapita mbele ya foleni kwa kisa cha "we si unanijua". Na juzi kuna mama mteja wangu wa miaka, nguo yake ilichelewa, kanisema mbele ya watu kwamba nimebadilika, sina utu tena. Nililia.

Ila afu nakumbuka kuna dada mmoja alikujaga analalamika kila nguo ya dukani inamkaa upande. Nikampima taratibu, nikaona bega lake la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Sikumwambia una kasoro, nilimwambia tu nguo yako nitaikata tofauti kidogo huku. Nikapunguza mshono wa bega upande ule na kumwekea kitambaa kidogo kwa ndani. Alipoivaa akajitazama kwenye kioo, akageuka upande, akageuka tena, akauliza "umefanyaje?". Toka siku hiyo nguo zake zote ni zangu.

Je Shangazi, hii huduma ya kumjua mtu bado ina maana, au ndo nang'ang'ania mambo ya zamani huku biashara inakufa? Nifanye anavyosema mdogo wangu?

Ni mimi fundi wako niliyechanganyikiwa.

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma nikairudia pale kwenye lile bega, maana jibu lako umeshaliandika mwenyewe hapo ila hujaliona.

Nianze na mdogo wako, tena naomba usimgeuze adui. Anachokihesabu ni kitu cha kweli, mda ni hela, na mtu anayeshika daftari la hela anaona vitu ambavyo anayeshika mkasi havioni. Ila anahesabu upande mmoja. Anaona dakika zinazotoka, haoni zinaleta nini.

Hilo duka kubwa jirani yako, nguvu yake iko wapi? Zamani kwenye maduka mengi mteja alisimama mbele ya kaunta akataja anachotaka, muuzaji akaenda kumchukulia, akapima, akafunga. Mwaka 1916 huko Memphis, Marekani, bwana mmoja Clarence Saunders akafungua duka lililoitwa Piggly Wiggly, mteja anapewa kikapu, anazunguka kwenye rafu mwenyewe, anachukua mwenyewe, anakuja kulipa mlangoni. Wauzaji wachache, gharama chini, bei chini. Mtindo ule ukaenea dunia nzima. Kwa hiyo jirani yako anashinda kwa sababu amemtoa mtu katikati, na ana mzigo mkubwa wa kufidia. Wewe ukimtoa mtu katikati unabaki na nini? Mzigo huna, bei yake huiwezi, nguo ya papo hapo huna. Utakuwa umetupa kitu pekee ambacho yule hawezi kukiuza.

Lakini sasa tuelewane, maana hapa ndo watu wengi wenye biashara ndogo wanajichanganya. Huduma ya kumjua mtu siyo stori nyingi. Siyo kucheka sana wala kumwita kila anayeingia mpenzi. Ni lile bega. Umemwangalia mtu mmoja kwa macho ya mtu anayejua kazi, ukaona kitu ambacho yeye mwenyewe hakujua kukitaja, ukakitatua bila kumdhalilisha. Hiyo fomu ya mdogo wako ingemwuliza yule dada kifua ngapi, kiuno ngapi, urefu ngapi, angejaza vizuri kabisa na nguo ingekaa upande vilevile.

Tena watu kujipima wenyewe ni balaa, unajua kuliko mimi. Mtu anajipima juu ya nguo alizovaa, anavuta tumbo ndani, anainama kusoma namba na akiinama tu kiuno kinabadilika, mkono anaupima umenyooka wakati kazini anaukunja siku nzima. Na yale maswali yako ya "utaivaa wapi" mdogo wako anayaona ni stori, kumbe ni kipimo. Anayekaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka jioni anahitaji nafasi ya ziada kwenye makalio na mapaja, anayenyanyua mikono, labda anaandika ubaoni au anapanga vitu juu, nguo ikimbana kwapani itapanda yote. Ukiuliza kitambaa cha pamba kama kimelowekwa kabla ya kukata, unamwokoa na nguo itakayoruka juu baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Mkalishe huyo kijana karibu yako mteja anapopimwa, umwonyeshe kila swali linaenda kubadilisha wapi kwenye kitambaa. Asipoona kwa macho hatakuelewa hata muongee usiku kucha.

Sasa nikuambie la kukuumiza kidogo. Yule mama aliyekusema mbele ya watu, njia aliyotumia haikuwa ya heshima, na kulia una haki ya kulia. Ila alikuja kwa sababu nguo ilichelewa. Kuna watafiti watatu wa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, miaka ya 1980 walikaa na wateja wa huduma mbalimbali, benki, simu, matengenezo ya vifaa, wakitaka kujua mtu anapimaje kama kahudumiwa vizuri. Mwaka 1988 wakatoka na mambo matano: unategemeka, unaitikia haraka, ujuzi wako unampa mteja imani, unamjali yeye kama yeye, na mwisho muonekano wa mahali na vifaa. Na kila walipouliza lipi kubwa, lililokaa juu ni la kwanza, kutegemeka. Umesema siku fulani, siku hiyo nguo ipo. Kumjali mtu hakufidii nguo ambayo haipo siku ya shughuli yake. Tena mteja mliyezoeana anaumia zaidi ukimwangusha, maana yule wa duka kubwa hakumwahidi kitu na wewe ulimwahidi.

Kwa hiyo ukiona utachelewa, usisubiri aje akukute unababaika. Mpigie wewe, kabla ya siku, wewe mwenyewe na siyo binti. "Mama, nguo yako haitakuwa tayari Ijumaa, itakuwa tayari Jumanne asubuhi, na kama Ijumaa una shughuli niambie sasa hivi nione tunafanyaje." Basi. Umeme ulikatika, sindano ilivunjika, mtoto aliumwa, hayo usimrundikie, anachotaka ni siku mpya. Na hiyo siku mpya iwe ya uhakika kabisa, ongeza siku moja mbele kuliko unavyodhani. Kuchelewa mara mbili kwenye nguo moja hakuna mtu anasamehe.

Kuna kitu kingine cha kumpa mdogo wako kwa kuwa anapenda hesabu. Mwaka 1990 Frederick Reichheld na Earl Sasser waliandika kwenye jarida la biashara la Marekani, Harvard Business Review, kwamba kampuni walizozichunguza zilipopunguza kwa asilimia 5 tu wateja wanaohama, faida iliweza kupanda kati ya asilimia 25 na 85 kutegemea na aina ya biashara. Zile zilikuwa kampuni kubwa, kwa hiyo usichukue hizo namba ukazibandika kwenye daftari lako. Chukua sababu yake. Mteja anayerudi huanzi naye upya, vipimo unavyo, kitambaa anakuachia uchague, hakusumbui bei sana maana kazi anaijua, na anakuletea dada yake na bosi wake bila wewe kulipia tangazo. Muombe apitie daftari la mwaka huu, kila jina aweke alama, huyu amerudi, huyu aliletwa na nani. Afu ndo mkae mzungumze dakika zinaenda wapi. Nina hakika atashangaa, ila hata asiposhangaa mtakuwa mnabishana juu ya kitu kilichoandikwa.

Haya, alipo sahihi tumpe haki yake. Usiku wa manane hakuna fundi. Hapo weka hiyo meseji ya kujijibu, tena leo. Iandike kwa sauti yako, "Habari, ni fundi wako, sasa hivi tumefunga, ujumbe nimeupata na nitaujibu kesho kabla ya saa nne", na kesho kabla ya saa nne ujibu kweli, la sivyo bora usingeweka. Kama WhatsApp ya kazi na ya familia ni namba moja, zitenganishe. Mnafungua saa ngapi, mko wapi, nguo iko tayari au bado, kumbusha kuja kujaribu, malipo yaende namba gani, hayo yote mashine ifanye, hayahitaji moyo wa mtu. Lakini kupima, kuchagua mshono, na hasa hasa mteja mwenye malalamiko, hapo asikutane na mashine hata kidogo. Mtu nguo yake imeharibika, ana hasira na ana haki, afu anajibiwa "asante kwa kuwasiliana nasi, bonyeza moja", huyo umempoteza na jamaa zake wote.

Na hizo kumbukumbu zako zitoe kichwani. Najua unajivunia kuwakumbuka watu wote na ni kipaji, ila ukiumwa wiki mbili huduma yote inalala na wewe. Kila mteja awe na ukurasa wake: vipimo na tarehe ya kupima maana miili inabadilika, bega lililoshuka, hapendi zipu ya mgongoni, pindo aachiwe la kutosha maana mtoto anarefuka, ameahidiwa lini. Mdogo wako na binti wasome hapo ili mteja akija wewe haupo ahudumiwe kama upo.

Ila kuna vitu haviingii daftarini wala mdomoni. Fundi anaona miili ya watu. Unajua nani ana mimba kabla mumewe hajajua, nani amekonda ghafla, nani anashona nguo ya kwenda mahakamani. Watu wanakuambia mambo wakiwa wamenyanyua mikono unawazungushia futi, wanajisahau. Hayo yaishie pale pale. Binti naye umwambie wazi, siyo kwa kumdokeza, umkalishe umwambie. Picha ya mteja amependeza na nguo yako usiiweke statasi mpaka umemuomba na amekubali kwa mdomo wake. Namba zao za simu usimpe mtu yeyote hata akisema ni ndugu. Biashara ndogo kama hiyo inasimama kwa kuaminiwa na siri moja tu ikitoka haina namna ya kuirudisha.

Tuje kwenye mkopo na kupunguziwa, maana naona ndo panakutoa damu. Mwanangu, kuzoeana siyo diskaunti. Anayelipa bei kamili anamwona aliyepunguziwa, anajua, na anakaa kimya tu siku hiyo. Weka utaratibu mmoja kwa wote, nusu kabla ya mkasi kugusa kitambaa, iliyobaki kabla ya nguo kutoka mlangoni. Akikuambia "we si unanijua", mjibu kwa upole kabisa, "nakujua dada yangu ndo maana nakushonea vizuri, ila bei ni hii, na nguo ikikubana ndani ya mwezi huu ilete nitaipanua bure". Umeona? Hujampa hela yako, umempa kazi yako, na hiyo ndo duka kubwa haliwezi kumpa. Siku ya kwanza sauti itakutetemeka lakini sema hivyo hivyo. Kuna watakaonuna. Wale wa kununa kwa sababu umedai chako walikuwa wanakula faida yako kwa jina la urafiki, waache wanune.

Foleni nayo, tenga nafasi chache za haraka kwa wiki, ziwe na nyongeza ya bei, zikijaa zimejaa hata kwa mtoto wa mama yako.

Kuhusu kuongea sasa, maana ndo mdogo wako alipoanzia. Mwaka 2014 watafiti Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walitoa utafiti walioufanya kwenye duka la kahawa, wateja wengine waliambiwa watabasamu, wamwangalie muuzaji machoni na waongee naye kidogo, wengine waambiwe wafanye haraka tu waondoke. Walioongea walitoka wakijisikia vizuri zaidi na wakijiona ni sehemu ya watu. Angalia ni maongezi ya kusubiri kikombe, siyo ya mchana mzima. Salamu yenye jina lake, swali moja la maana, macho yako kwake na siyo kwenye cherehani, hapo mtu ameshaonekana. Yakizidi hapo na kuna watu wawili wamesimama wanasubiri, wale wawili ndo unawanyima huduma.

Na siyo kila mtu anataka hata hayo. Anaingia mtu macho kwenye simu, anajibu kwa neno moja, nguo kaishika mkononi tayari ina pini. Huyo mpokelee, mwambie lini, mpe risiti, aende. Kumjua mteja ni pamoja na kujua huyu leo hataki kuongea, na akiona umemwelewa atarudi, mtu wa namna hiyo akizoea mahali hahami.

Mwisho hao waliohamia jirani. Wengine hawarudi, nguo ya kuvaa nyumbani ya haraka sioni kwa nini waje kusubiri kwako, usijiumize. Lakini nguo ya tayari inakatwa kwa mwili wa wastani na miili ya watu siyo ya wastani, suruali itamkaa kiunoni ikavuta mapajani, gauni litamkaa kifuani likaburuza chini, koti mikono mirefu. Kila wanachouza pale, sehemu yake itahitaji mkasi wa mtu. Kazi ya kurekebisha ni fupi, inalipwa siku hiyo hiyo, na ndo mlango wa mtu kukujua. Mpe mdogo wako hiyo kazi, ana kichwa cha biashara, aandike bango la herufi kubwa kwamba mnapunguza na kupanua nguo za dukani na zinakuwa tayari lini, apange bei ya kila rekebisho ieleweke bila kuuliza, na siku kadhaa kwa wiki mchana wake wote uwe wa kazi hizo tu. Akileta mteja wa kupunguza pindo, wewe ndo umpime, na wakati umeinama pale chini na pini zako mdomoni muangalie na mabega.